Kwa Mama Aïcha, na Jina Tuliloliweka Pembeni

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu wanawake wa Kabambare uliowafundisha kuosha maiti wakuoshe wewe. Walifanya kazi nzuri. Hawakumwaga maji ovyo, hawakuzungumza habari za sokoni, na kila walipokugeuza walikuita kwa jina lako, taratibu, kama ulivyokuwa ukifanya mwenyewe: "Mama Aïcha, geuka kidogo." Binti yako Pélagie alikuwa mlangoni akipokeza ndoo. Alituambia baadaye kwamba angalau hapo hatukukosea.

Tumeanzia hapo kwa sababu kwingine tulikosea, na wewe hukupenda habari nusu.

Ulizaliwa Nyangwe, ukaolewa Kasongo, ukafiwa na mume ukiwa bado na nguvu, ukabaki na kazi mbili: shamba la mpunga, na kuwaosha wanawake wa Kiislamu wakifa. Ya kwanza ilikulisha. Kwa ya pili hukupokea hata kipande cha sabuni. Ulichokiona kwenye miili ya watu hukukisema kwa mtu yeyote, wala sisi wanao hatukuwahi kukusikia ukikitaja. Mikono yako ilinukia kafuri hata ulipokuwa ukitupakulia wali.

Lakini hukuwa mtu wa huzuni. Soko zima la Kasongo linakumbuka ulivyokuwa ukinunua karanga.

"Mama, ongeza. Ile kopo yako iko na shimo."

"Mama Aïcha, karanga ilipanda bei."

"Sawa. Lakini ujue, siku moja utapita mikononi mwangu. Nitakuosha na maji ya baridi."

"Aa, Mama! Chukua, chukua!"

Jirani yako Marcelline, ambaye ni Mkatoliki, alikuwa akikuuliza makusudi, watu wasikie: "Na mimi mukristo, utaniosha na nini?"

"Sabuni ya kufulia," ulimjibu. "Dhambi zako ni nyingi."

Pélagie alipoolewa Kabambare na kubatizwa kwa ajili ya ndoa, ndugu wengine walinuna. Wewe hukununa. Ulianza kumwita Pélagie siku hiyohiyo, ukasema jina amelichagua mwenyewe, basi ni lake.

Ulikuwa na desturi moja ambayo tuliiona kwa miaka mingi bila kuifikiria. Ukifika kwenye kilio, kabla ya kugusa maji, uliwauliza wenye msiba: "Nyumbani kwao walikuwa wanamuita nani?" Hukutaka jina la kwenye kadi ya mpiga kura, wala la mume, wala Mama Fulani. Ulitaka jina aliloitwa akiwa mtoto. Mara nyingine wenyewe hawakulijua, wakabishana, akatumwa mtu kumtafuta shangazi mzee mtaa wa pili. Ulingoja umekaa, mikono mapajani, maji yakipoa. Sisi tuliona ni mambo ya wazee tu. Hakuna aliyekuuliza kwa nini, hata yule ambaye kazi yake ni kuuliza.

Huyo ni mwanao mkubwa, Moustapha, anayefundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Kasongo. Ni mtu wa ushahidi. Mwanafunzi akiandika "inasemekana", anamwondolea alama. Yeye ndiye aliyesema turekodi sauti yako, kwa sababu wajukuu wako walioko Kindu na Lubumbashi wanakujua kwa simu za sikukuu tu, na watakaozaliwa nyuma yao hawatakujua kabisa. Wazo lilikuwa zuri, na bado ni zuri. Tunalisema hili ili mtu asifikiri kwamba kosa lilikuwa kurekodi.

Alichagua asubuhi moja ambapo Pélagie alikuwa amekuja kutoka Kabambare kwa maandalizi ya ndoa ya Zaina, binti wa Moustapha. Tulikaa barazani, familia yote. Pélagie alishika simu ya Moustapha. Moustapha alikuambia uvae kikwembe kipya, ukavaa. Kisha akakuondolea ungo wa karanga uliokuwa ukizimenya.

"Mama, ile inapiga kelele kwenye simu."

"Sasa mikono nitaiweka wapi?"

"Weka tu pale, juu ya magoti."

"Kama maiti?"

Tulicheka, naye alicheka. Kicheko hicho kimo kwenye rekodi. Baada yake yanakuja maswali.

"Mama, mulihamia hapa Kasongo mwaka gani?"

"Mwaka ule walileta mashine ya kukoboa mupunga."

"Ile haiko mwaka, Mama."

"Kwangu iko mwaka."

Mkaenda hivyo kwa muda, yeye akitafuta tarehe, wewe ukimpa mashine, mafuriko na harusi za watu. Kisha akakuuliza habari za bibi yako, mama wa mama yako, Bibi Faida. Kwenye familia tulikuwa tumeambiwa siku zote kwamba Bibi Faida alikuwa binti wa mfanyabiashara wa Nyangwe, watu wa kanzu na vitabu. Moustapha alitaka uthibitishe. Tunayaandika maneno yako kama yalivyo kwenye simu:

"Koko yangu Faida hakuzaliwa Nyangwe. Alikuwa mutoto wa kule juu, upande wa Kabambare. Walienda kuloweka muhogo kwenye kijito, yeye na mudogo wake. Watu wakatoka kwenye majani. Mudogo akakimbia. Yeye wakamushika. Wakamufikisha Nyangwe, wakamuuza, wakamuita Faida. Ile ni jina ya sokoni. Siku alikufa, mimi nilikuwa bado mutoto, nilikuwa naleta maji mulangoni. Nikasikia wanawake wanamugeuza, wanasema, Faida, geuka. Faida, geuka. Nikasema moyoni, hawa wanaosha mutu mwingine. Kwa sababu mimi alikuwa ameniambia. Alinishika sikio, akasema, weka hii humu. Jina yake ya kwao alikuwa anaitwa..."

Hapo inaingia sauti ya mwanao:

"Mama, ngoja. Ngoja kwanza. Ile tuiweke pembeni. Pélagie, zima."

Pélagie akazima.

Sababu yake ilikuwa hii. Zaina alikuwa amechumbiwa na kijana wa Nyangwe, wa nyumba ya Mzee Abedi, nyumba ya zamani. Walipokuja kuposa, Moustapha aliwaeleza mbele ya mashahidi kwamba na sisi asili yetu ni wafanyabiashara wa Nyangwe. Kwenye miji hii habari za nani aliuza na nani aliuzwa hazitajwi watu wanapooana; kila nyumba ina habari iliyoichagua, na wengine huipokea kwa adabu. Mwanao aliogopa kwamba rekodi itatembea kutoka simu hadi simu mpaka ifike kwa wakwe. Ndivyo mtu wa ushahidi alivyompata shahidi, akamnyamazisha.

Yaliyofuata hayamo kwenye simu. Yamo vichwani mwetu, na hatuna budi kuyaandika.

"Mama, mambo ya kuuzwa tusiyaweke humu," Moustapha alisema. "Wakwe watasema nini? Wewe mwenyewe unanyamazia maiti wote wa Kasongo. Na hili linyamazie."

Ulimtazama. Ulisema: "Maiti ninamusitiri kwa sababu hana kinywa. Mimi ningali nacho."

"Tutarudia kisha ya ndoa, Mama."

"Sawa. Lakini nitalisema mbele ya watu. Sitaki mambo ya kunong'onezana chumbani. Waliomushika walimushika muchana."

Kisha ukaomba ungo wako, ukaendelea kumenya karanga. Sisi wengine tulikuwa tumekaa palepale. Hakuna aliyesema, "Mwache amalize." Neno lenyewe lingekuwa fupi, hata chai isingepoa.

Ndoa ilifungwa, ikawa nzuri. Ulicheza. Baada yake mwanao alikuwa na mitihani ya kusahihisha, kisha mvua zikaanza. Ulimkumbusha mara moja, ukipita mbele ya dirisha lake: "Mwalimu, ile simu yako iko bado na nafasi?"

"Iko, Mama. Ninangojea likizo."

Ulienda Kabambare kwa Pélagie kusaidia mavuno ya karanga, na huko ukaugua.

Barabara ya Kasongo hadi Kabambare kila mtu wa hapa anaijua. Moustapha alipanda pikipiki, akaanguka nayo kwenye tope, akaendelea. Simu alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, imejaa chaji. Alifika alasiri. Chumba chako kilikuwa na watu: Pélagie na mumewe, majirani, na wale wanawake uliowafundisha. Ulikuwa ukiongea kidogo, na ulikuwa ukielewa. Alikusalimia, akafuta mikono, akakaa kwenye mkeka.

Kisha akawaomba watu watoke.

Tumemuuliza jambo hili mara nyingi, naye amejiuliza kuliko sisi. Mzee Abedi alikuwa ameshakuwa mkwe. Hakukuwa tena na ndoa ya kulindwa. Hatuna maelezo zaidi ya kwamba mtu aliyezoea kufunga mlango huufunga hata pasipo haja. Watu wakatoka. Aliwasha simu, akaiweka karibu na mto wako.

"Mama, niko hapa. Sema sasa. Jina ya koko."

Uligeuza macho, ukautazama mlango.

"Watu wako wapi?"

Alielewa. Aliinuka haraka kwenda kuwaita. Wengine walikuwa wamekwenda jikoni, Pélagie alikuwa kisimani. Mpaka wakakusanyika na kuingia, ulikuwa umefumba macho, na hukusema tena neno lolote mpaka ulipotutoka. Simu haikuzimwa safari hii. Kwenye rekodi ile kuna sauti yako ikiuliza swali hilo, kisha sauti ya mlango, kisha kuku.

Arobaini yako tuliisoma Kasongo. Moustapha alikuwa ametayarisha rekodi ya kuwasikilizisha watu, safi, inayoishia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Hakuwahi kuwasikilizisha. Pélagie alikuwa na yake, nzima, aliyojitumia siku ile ya barazani. Watu walipomaliza kula, aliunganisha simu na spika, ukasikika: karanga, maiti, kijito, muhogo, mlango na ndoo ya maji. Ikaja sauti ya mwanao. Ngoja. Pembeni. Zima. Baraza lote lilisikia, na mwenyewe alikuwa amekaa katikati, na sahani mkononi.

"Pélagie," alisema.

"Watu wameomba sauti ya Mama, Yaya," alimjibu kaka yake. "Sikuwa na nyingine."

Mzee Abedi alimgeukia. "Mwalimu," alisema, "ulikuwa unamuficha nani? Sisi?"

Moustapha aliigeuza sahani mkononi.

"Koko yangu mimi walimubadilisha na chumvi. Palepale Nyangwe. Unafikiri ile muji ilijaa kwa kuzaana tu?" Watu wakacheka, wazee hasa, kicheko cha watu waliokwisha kujua siku nyingi. "Wewe si unafundisha histoire? Unawafundisha nini, bei ya chumvi?"

Wakacheka zaidi. Kisha akasema kwamba jina la kwao la bibi yake wanalo, na mjukuu wake mmoja ndiye anayelibeba. Akalitaja. Msichana aliyekuwa akigawa chai akageuka, akidhani ameitwa. Jina hilo hatuliandiki hapa, kwa sababu ni la kwao.

"Na la kwenu?" Mzee Abedi aliuliza.

Tunataka maandishi haya yawe sahihi, Mama, kwa hiyo tunasema jinsi ilivyokuwa. Mwanao alifungua kinywa, akakifunga. Aliitazama sahani. Mzee Abedi aliona, akaacha kucheka, akamwambia, "Pole, mwanangu." Kicheko tungekivumilia. Pole ile hatujui tuiweke wapi.

Tangu siku hiyo tumetafuta. Tulianza na Marcelline.

"Aliniambia," alisema. "Mara moja tu, tukitwanga majani ya sombe. Lakini ilikuwa Kibangubangu, lugha ya Kabambare, na mimi ni Muzimba, na kinu kilikuwa kinapiga. Nilisema ndiyo, ndiyo, kama mutu anayesikia." Akaanza kulia. "Ilikuwa fupi. Aliivuta kule mwisho, kama mutu anaita mwenzake ng'ambo ya maji."

Hayo ndiyo tunayoyajua: ni fupi, na linavutwa mwishoni.

Moustapha amerudi kwenye rekodi mara nyingi. Kabla ya "Mama, ngoja" kuna pumzi yako, ukiwa umekwisha kufungua kinywa. Ameisikiliza kwa spika, ameisikiliza kwa vifaa vya masikioni vya wanafunzi wake. Haisemi kitu. Pélagie amepita vijiji vya Kabambare, kwa pikipiki na kwa miguu, akiwauliza wanawake wazee majina ya zamani ya wasichana. Wamempa mengi, mazuri, na hakuna hata moja ambalo tungeweza kuapa kwalo.

Ndugu mmoja alitushauri tuchague mojawapo tu, tumalize. Hapo mwanao alikataa, na tunaona hapo alikuwa na haki. Kumpa Bibi Faida jina ambalo hatuna uhakika nalo ni kumpa jina la pili la sokoni.

Kurekodi hatukuacha. Zaina na Pélagie wanawafuata wazee wa familia waliobaki, na wa majirani pia. Hakuna kikwembe kipya. Mwenye ungo anabaki na ungo wake, na anayetwanga aendelee kutwanga. Kelele zimo, kuku wamo, mambo ya aibu yamo. Moustapha amepewa kazi ya kushika simu, na anaishika bila kuuliza mwaka. Wazee wengine wanamtania wakianza: "Mwalimu, niseme, ama niiweke pembeni?" Anawajibu, "Sema, Mama." Hakasiriki. Ila hawatazami usoni.

Tunaomba maneno haya yafike pia Kabambare, kwenye vijiji vya juu. Ikiwa kwenye nyumba yenu wazee walisimulia habari ya wasichana wawili, ndugu, waliokwenda kuloweka muhogo kwenye kijito, na yule mdogo akarudi peke yake, basi yule mkubwa hakufia njiani. Alifika Nyangwe. Alizaa. Sisi ni wake. Hatudai shamba, hatudai urithi, wala hatuji kuwaaibisha. Aibu tunayo ya kutosha nyumbani kwetu. Tuna swali moja tu, lile alilouliza Mama yetu kila alipoinamia maji: nyumbani kwao walikuwa wanamwita nani?

Mkija, njooni mchana. Tutawaita watu.

Wanaokukumbuka, Mama: mwanao Moustapha, aliyesema zima, binti yako Pélagie, aliyezima, mjukuu wako Zaina, ambaye ndoa yake haikuvunjika na isingevunjika, mkwe wako Mzee Abedi, jirani yako Marcelline, anayesema sabuni yake ya kufulia bado anaidai, wajukuu wako wa Kindu na Lubumbashi, ambao wameisikia sauti yako mpaka pale inapokatwa, na sisi wengine tuliokuwa barazani tukanyamaza.

Tutakukumbuka daima kwa jina lako, Mama Aïcha. Yeye tutamkumbuka kwa jina la sokoni, na tutaona haya kila tukilitamka, mpaka mtu atupe lake.